Gesi Isiyowaka

Nampembe ameuza korosho mnada wa tatu,
kaniletea pikapu yake hapa Chikongola.
Mlango wa kushoto umeliwa na chumvi
kuanzia chini, kama mkate uliopitiwa na panya.

Anauliza bei. Namtajia.
Anacheka, anautazama mtungi wangu:
"Binti Likanoga, gesi yote hii ya Msimbati,
bomba linaibeba mpaka Dar es Salaam,
na wewe unanilipisha gesi
iliyokuja kwa lori kutoka huko huko?"

Ndiyo. Na ililala Somanga siku mbili
barabara ilipokatika.
Ile ya Msimbati ni ya kuwaka.
Hii haiwaki.
Unailipia kwa sababu haiwaki.

Shika hapa. Bati la mlango,
milimita moja halifiki.
Moto ukiligusa linageuka uji,
na uji wa chuma una adui mmoja:
hewa hii hii unayovuta.
Ikiingia, mshono unajaa vishimo kama andazi,
unapasuka tuta la kwanza njia ya Mikindani.
Basi gesi inatangulia, inauzunguka,
kama kanga walizoshika wanawake wanne
kumsitiri mwenzao aliyeshikwa uchungu njiani.
Kanga hazizalishi.
Lakini ziondoe uone.

Ipo ya bei nafuu, ile ya kwenye soda.
Chilumba pale stendi anaijaza kwa nusu.
Nimeitumia miaka minne, sitaitukana.
Kwenye chasisi, kwenye tela la mawe, ni dume la kazi,
inachimba.
Kwenye mlango pia inachimba,
inapita, inatokea upande wa pili,
cheche zinaruka zinang'ata kioo
na alama zake hazifutiki.

Niulize Noah ya Mwalimu Mkwanda.
Nilitoboa matundu saba.
Nikayaziba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi,
akaondoka akiniombea dua.
Mvua za Januari zikaja, puti ikavimba
kama uso wa mtu aliyelia usiku kucha.
Akarudi. Hakusema neno.
Alibonyeza kwa kidole,
kidole kikaingia.

"Sasa tia hiyo nyingine tupu, isiyo na ukali."
Agoni tupu? Hiyo ya alumini.
Kwenye chuma moto wake unatangatanga,
mshono unakaa juu juu kama nta,
unapendeza, haujashika.
Yangu imechanganywa: robo tatu agoni,
robo ile ya soda,
pilipili ya kutosha tu mchuzi ujue ipo.
Lita kumi kwa dakika, kumi na mbili nikibanwa.
Ukifungulia kwa pupa inajivuruga yenyewe,
inaikaribisha hewa uliyoilipia iifukuze.
Na upepo wa alasiri ukianza, nafunga turubai.
Turubai likishindwa, nafunga kazi.

Nampembe kanyamaza.
Anapitisha kiganja kwenye bati, taratibu,
kama anayepima magunia kwa macho kabla ya mizani.
"Chilumba ni nusu kweli?"
Nusu.
Anainama, anachungulia chini ya gari,
anakaa huko muda mrefu, miguu tu ndiyo naiona,
ndala moja imefungwa kwa waya.

Anatoka na vumbi kwenye kope.
"Mlango, tia hiyo yako ya lori.
Huku chini kwenye chasisi nitilie ya soda."

Nikamtazama.
Miezi sita nilibeba mitungi ya watu
kabla sijaelewa alichoelewa yeye
akiwa amelala chali.

Noti zake zilikuwa na harufu ya gunia.
Nikavaa kofia, nikashusha kioo,
nikafungulia valvu,
ikatoka ile sauti ndogo, sss,
sauti ya mtu anayewanyamazisha watoto
kwa kuwa chumbani
kuna mgonjwa amepata usingizi.